Ti ya Seu Honorato

"Hii ti imekufa, Dona Lindaura! Imekufa kama baba mwenyewe! Sikiliza." Genival akaisukuma kodiani kwa hasira mpaka mvukuto ukakohoa. "Do, re, mi, fa, so, la, halafu hii takataka. Mtu anapanda ngazi vizuri tu, karibu na juu anakanyaga hewa."

"Hakuna takataka hapo," Dona Lindaura akasema. Alikuwa anafuta tupa zake kwa kitambaa, moja moja, ingawa zilikuwa safi tangu jana. "Ndivyo baba yako alivyokuwa akipiga."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe uliisikia kwa sikio gani?"

Dona Lindaura, mama kama tunavyomwita wote hapa, akarudi kwenye tupa zake. Genival alisema tu kama watu wanavyosema wakigombana, hakujua kitu. Mimi nilijua. Mwezi wa pili nilimpeleka mama hospitali ya mjini mara mbili kwa bodaboda yangu, na njia nzima akinishika mabega ananiambia nisimwambie mtu. Sikio lake la kushoto linapiga mluzi. Usiku na mchana, mluzi mwembamba kama birika inayokaribia kuchemka. Daktari alimtazama kwa taa, akamwambia hilo halina dawa mama, utalizoea. Sasa fikiria, mwambie hivyo mtu ambaye anakula kwa kutengeneza sauti za kodiani.

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa sita, mkesha wa Mtakatifu Yohane. Kuni zilishapangwa mbele ya kila mlango, bado kuwashwa. Kwa kina Genival kuni zilipangwa juu zaidi kuliko kwa wengine wote, kwa sababu mzee wao, Seu Honorato (seu kwetu ni bwana, dona ni bibi), alifariki mwaka jana mwezi wa nane, na huu ndio moto wa kwanza bila yeye. Mzee alikuwa na wimbo wake mmoja, hauna jina, alioupiga mlangoni kwake kila mwaka moto ukishika. Miaka arobaini na kitu. Jioni hii mtoto wake ndiye angeupiga, kwa kodiani ileile, na kijiji kizima kitakuja kusikiliza kama damu imefuata damu. Genival alikuwa na jasho mdomoni, na jua lenyewe lilikuwa bado halijakaza.

Kodiani yenyewe ni zile ndogo za besi nane, vitufe vitupu, hazina kinanda. Kila kitufe kina sauti mbili: ukivuta inatoka hii, ukisukuma inatoka ile. Mvua za mwezi wa tatu zilivuja juu ya kabati, kutu ikala ndimi za chuma zilizomo ndani, na ulimi wa ti, ile ya kusukuma, ukakatika kabisa. Mjane wa mzee akamletea Dona Lindaura. Yeye akakata ulimi mpya kutoka kwenye spring ya saa ya ukutani, kipande cha mwisho alichokuwa nacho, akaupanga sauti kwa kukumbuka tu. Akaupanga chini.

Na hilo ndilo lililokuwa linamla. Kama mzee kweli alikuwa na ti ya chini, basi kuipandisha ni kufuta wimbo wake. Chuma kikishasuguliwa hakirudi. Na kama mzee alikuwa na ti ya kawaida, na yeye ndiye aliyeiweka chini kwa sababu ya mluzi ule, basi sikio limekwisha, na kazi imekwisha naye.

"Ivanildo, mpigie asikie," Genival akasema.

Ivanildo ni binamu yake, mpiga gitaa, alikuwa kakaa kizingitini anakula kuskus ya mahindi na jibini la kukaanga bila kualikwa. Akajifuta mikono kwenye suruali. "Nipige nini? Mimi ni shahidi au mshitakiwa?"

"Piga fungu la tano."

Ivanildo akagonga nyuzi za fungu linaloanzia noti ya tano: so, ti, re kwa pamoja. Genival akasukuma ile ti yake juu yake. Lo! Hata mimi ninayepiga ngoma tu, nisiyejua noti wala nini, meno yaliniuma. Sauti mbili zilikuwa zinagombania mlango mmoja.

"Umesikia?" Genival akasema. "Gitaa linasema ti, kodiani inasema sijui nini. Niwapigie watu hivyo? Watasema Honorato kazaa kiziwi."

"Gitaa ndilo linalokosea," mama akasema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Gitaa langu?" Ivanildo akashika kifua. "Gitaa hili nimelinunua jipya, Dona Lindaura. Mtukane mama yangu, gitaa liache."

Nieleze kidogo hapa, maana wengine mtasema ti ni ti, ugomvi wa nini. Kanisani kwetu kuna ngazi saba za kupandia mlangoni. Fundi aliyejenga, sijui alilewa au vipi, ngazi ya sita hadi ya saba akaifanya ndefu, na ile kabla yake akaifanya fupi. Mtu wa mji akija harusini lazima ajikwae pale, na kila harusi sisi tunasubiri tucheke. Sisi wenyewe hatujikwai. Mguu unajua. Basi sauti ni hivyohivyo. Ngazi ya kawaida, ile ya shuleni, kutoka la kwenda ti ni hatua nzima, halafu kutoka ti kwenda do ya juu ni nusu hatua tu, unateleza unaingia nyumbani. Mwendo wa kwetu ti imeshushwa. Kutoka la kwenda ti ndiyo inakuwa nusu, na kutoka ti kwenda do unanyanyua mguu hatua nzima. Haitelezi nyumbani. Inafika kama mtu aliyetoka shamba, taratibu, na vumbi lake. Kuna nyimbo nyingine ambazo fa nayo inapandishwa, lakini hizo tuziache leo, zina ugomvi wao.

Shida ni kwamba nyimbo zetu haziko zote kwenye mwendo huo. Nusu ziko hivi, nusu ziko vile. Wimbo wa Seu Honorato ulikuwa wa upande gani? Muulize mtu yeyote kijijini atakuimbia, na kila mmoja anaimba kivyake. Mjane mwenyewe aliulizwa, akasema, "Mimi nilikuwa jikoni."

Dona Lindaura kaingia kazi hii kwa maharage. Kweli. Mume wake, marehemu Seu Otacílio, ndiye aliyekuwa fundi, na yeye alikuwa anakaa ng'ambo ya meza anamenya maharage. Mume anasugua ulimi, anapiga sauti, anasugua tena. Siku moja mama, bila kuinua macho kwenye sinia, akasema, "Imezidi." Mume akamwambia umenye maharage yako. Baada ya robo saa akagundua imezidi kweli. Kesho yake, "Bado." Keshokutwa, "Hapo hapo, acha." Ilifika mahali Seu Otacílio hawezi kumaliza kodiani mpaka kuwe na maharage ya kumenya. Alikuwa na mikono, mke alikuwa na masikio, na watu walikuwa wanamsifu mume.

Alipokufa, miaka minane iliyopita, alikuja mtu na kodiani mgongoni akauliza yupo nani hapa. "Nipo mimi." "Hapana, mwanamume yupo nani?" "Yupo paka." Yule mtu akaondoka. Baada ya mwezi akarudi, kodiani imeharibiwa vibaya na fundi mwingine, akaisukuma mezani bila salamu. Mama akaitengeneza. Tangu hapo wakaanza kuja, lakini kila mmoja alimjaribu kwanza. Wengine waliharibu ulimi mmoja makusudi waone kama atauona. Aliuona, na bado wakasema bahati. Kwa hiyo mwanamke huyu amekuwa akifanyiwa mtihani miaka minane, na hajawahi kuanguka, na mwaka huu ndio sikio limeanza kupiga mluzi.

"Sasa?" Genival akasema. "Mama, mimi sina siku nzima. Mbuzi hajachinjwa, wageni wa Petrolina wanaingia saa nane. Nipandishie ti yangu niende."

"Mwanangu, nikipandisha sitaweza kushusha."

"Nani atakuambia ushushe?"

"Chuma hiki ni cha mwisho. Saa nyingine sina."

"Dona Lindaura. Nimesoma muziki Recife miaka mitatu. Mitatu! Najua ti iko wapi."

Mama akanitazama. Sijui alitaka nini kwangu. Nilitazama chini. Ningesema nini, mimi niliyeacha shule kidato cha pili? Akakaa, akashika sikio la kushoto kama mtu anayejikuna tu, halafu akasema, "Ilete."

Akazitoa pini, akaifungua kodiani katikati. Ndani mle kuna harufu ya nta na ya mtu. Akachomoa kipande cha mbao chenye ndimi, akapitisha bati jembamba chini ya ulimi wa ti ili usipinde, akachukua tupa ndogo kuliko zote. Ukisugua ncha ya ulimi, unakuwa mwepesi, sauti inapanda. Ukisugua shina, unalegea, sauti inashuka. Lakini shina ndilo linalobeba, likipungua sana ulimi unakatika siku yoyote, hata katikati ya wimbo.

Aliigeuza tupa mkononi mara mbili tatu kabla ya kuigusisha. Sijawahi kumwona akisita hivyo.

Akapiga tupa mara moja. Mara mbili.

"Ongeza," Genival akasema.

"Nyamaza."

Akarudisha mbao, akabana kodiani kwa pini mbili tu, akaiweka pajani. Hakupiga ngazi kama Genival. Akaanza wimbo wenyewe wa Seu Honorato, pole pole, mikono yote miwili kama alivyozoea kumwona mumewe akijaribu kodiani, kulia vitufe, kushoto besi. Alipofika kwenye ti akainamisha kichwa, akaung'ata ukingo wa mbao wa kodiani.

Ivanildo akacheka. "Dona Lindaura, njaa? Kuskus imebaki."

Hakujibu. Aliing'ata vile vile, anasukuma, na macho kayafumba. Mimi nilijua anafanya nini. Alianza mwezi wa pili, baada ya daktari. Sauti mbili zikikaribiana bila kulingana, zinapigana, na mapigo yake yanapita kwenye mbao. Sikio likikudanganya, meno hayana mluzi.

Akafumbua macho. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Genival. Njoo ushike."

"Imekaa sawa?"

"Njoo ushike, nimesema. Sukuma ti. Sasa na kushoto, kitufe kile cha pili cha chini, sukuma kwa pamoja."

Genival akachelewa. Vidole vyake vya kushoto vilitafuta vile vitufe vinane kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya watu.

"Hujawahi kuvigusa," mama akasema. Hakuwa anauliza.

"Kushoto anapiga Ivanildo na gitaa. Recife tulijifunza kodiani ya kinanda, ile..."

"Ile kubwa, ndiyo. Inatoa sauti ileile ukivuta, ukisukuma. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa baba yako wewe ulidhani ni wa kuvutia mvukuto tu."

"Dona Lindaura, kila mtu sasa hivi..."

"Sukuma!"

Akasukuma. Besi za kodiani ile ni nzito, ndimi zake nene kama kucha za ng'ombe, kutu haikuzifikia na nta yake nyeusi hajaifungua mtu tangu mzee ni kijana. Likatoka fungu zima, sauti tatu kwa pamoja, na ile ti mpya ikatetemeka juu yake uuu-uuu-uuu kama mtu mwenye homa.

"Hilo siyo fungu la tano," Ivanildo akasema. Alikuwa ameacha kucheka. Akatafuta kwenye gitaa, akapanda, akashuka, akalipata. "Hili... hili linaanzia chini ya nyumbani. Unashuka hatua nzima kutoka do. Ti ya chini, re, fa."

"Rudia," mama akasema. "Linaanzia wapi?"

"Kwenye ti ya chini."

"Basi." Akamgeukia Genival. "Baba yako akisukuma, kushoto hana fungu la tano. Halipo. Fungu alilonalo limesimama juu ya ti ya chini. Nani mwenye akili ataweka nguzo kushoto, halafu kulia aweke ti inayoipiga teke? Ti yake ilikuwa chini. Niliiweka sawa mwezi wa tatu. Na leo nimeiharibu."

Nje mtoto alikuwa anarusha fataki kabla ya wakati na mama yake anamfokea.

Genival ndiye aliyeanza kusema, na hakuwa yule wa asubuhi. "Umeisugua mara mbili tu. Mara mbili si kitu. Si kitu, eti? Si unaweza..."

"Kushuka ni kusugua shina."

"Ukatike?"

"Unaweza kukatika sasa hivi. Unaweza kukatika jioni, mbele ya watu."

"Tone la risasi iliyoyeyushwa kwenye ncha, basi! Niliona fundi Recife anaweka tone, linaongeza uzito."

"Likiwekwa, ulimi unazembea. Utabonyeza leo, itaitika kesho. Baba yako alikuwa anapiga haraka."

Genival akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama yangu ataniua. Mama yangu ataniua mimi, halafu atakuja kukuua wewe, halafu..." akanionyesha mimi, "na huyu, kwa kukaa tu."

"Mimi nimeleta mizigo tu kwa bodaboda," nikasema.

"Nyamazeni," Dona Lindaura akasema, "au tokeni nje mkagombane na mbuzi."

Akakaa na ulimi ule mbele yake muda mrefu, tupa mkononi, haanzi. Nilidhani ataomba Mungu. Hakuomba. Akanyanyuka, akaenda jikoni, nikasikia sufuria, akarudi na sinia la maharage ya maganda akaliweka ng'ambo ya meza, mbele ya Ivanildo.

"Menya."

"Mimi?"

"Menya, kijana. Usiongee."

Ivanildo akamenya. Tap, tap, kwenye sinia. Mama akapitisha bati chini ya ulimi, akaweka tupa kwenye shina, akavuta mara moja, wepesi kama mtu anayefuta machozi ya mtoto. Akarudisha mbao, akang'ata, akasukuma na besi. Uuu-uuu, haraka bado, kama moyo wa mbuzi. Akatoa. Mara moja tena. Akang'ata. Sasa yale mapigo yalikuwa na nafasi katikati. Genival alikuwa amegeukia ukuta, hataki kuona. Mara ya tatu mama hakuivuta tupa, aliigusisha tu. Akapuliza vumbi la chuma. Mimi niliona shina lile kwenye mwanga wa dirisha, na lilikuwa jembamba kuliko nilivyotaka kuliona.

Akang'ata tena. Akasukuma. Akaendelea kusukuma mpaka mvukuto ukaisha hewa, na sauti ikanyooka moja kwa moja kama uzi wa kufulia, haitikisiki.

Akakaa vile, meno kwenye mbao, hewa imeshaisha.

"Imezidi?" Ivanildo akauliza pole pole, ganda mkononi.

"Hapo hapo. Acha."

Halafu ikabidi ulimi ubanwe na nta mpya, maana ile ya mwezi wa tatu ilikuwa imelegea kwa kuchomolewa mara zote hizo. Akaiyeyusha kwenye kijiko, akamwaga ukingoni tone kwa tone, mkono sasa hausiti, lakini jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni na alikuwa anageuza uso lisiingie ndani.

"Jaribu mara moja," akamwambia Genival. "Nusu ya wimbo. Usisukume kwa nguvu, nta bado laini. Na mkono wa kushoto ufanye kazi."

Genival akakaa. Akaanza vibaya, kushoto kukachelewa, akatukana, akaanza tena. Ivanildo akafuata na lile fungu jipya, kila ti ikija yeye anashuka hatua nzima badala ya kwenda la tano. Walipofika pale, haikuteleza kwenda nyumbani. Ilinyanyua mguu, ikafika. Genival akapiga mpaka katikati, akasimama. Akabonyeza ti ile peke yake mara moja, akaitazama kodiani kama imemwambia jambo la siri.

"Nilikuwa napanda kitandani, yeye bado anapiga," akasema. "Nilikuwa naisikia kupitia ukuta. Ndiyo hii."

"Una uhakika?" mama akauliza haraka. Haraka mno.

"Ndiyo hii, Dona Lindaura."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaanza kukusanya tupa. Sikujua kama amefurahi. Uso wake ulikuwa bado wa mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. "Shina limepungua," akasema. "Sikudanganyi. Jioni hii piga wimbo wenyewe mara moja, usirudie hata wakikuomba. Wiki ijayo nitafutie saa mbovu, ya ukutani, ya zamani. Nitakukatia mwingine."

"Na ukikatika jioni?"

"Ukikatika, imba."

Simu ya Genival ikalia. Alikuwa dada yake, na alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba sote tulisikia: mbuzi amekata kamba, ameingia kwenye miba ng'ambo ya mto mkavu, wageni wa Petrolina wamefika kabla ya saa, na mama yao anauliza yeye ana akili au la. Genival akasimama na kodiani kifuani, akatazama mlango, akatazama nta.

"Nta haitakaza kabla ya saa kumi," mama akasema.

Genival akaivua mikanda, akaiweka mezani kwa mikono miwili, katikati ya maganda ya maharage. Hakusema nitaifuata saa ngapi, hakusema uiangalie, hakuijaribu ti tena hata mara moja. "Ivanildo! Kamba!" akaita, na binamu yake akaruka na mdomo umejaa jibini, na wote wawili wakashuka mbio kuelekea mtoni kumtafuta mbuzi.